Wanawake wa Algeria katika Vita vya Ukombozi (1954–1962): Nani Aliandikwa na Nani Alisahauliwa

Kila aliyesoma mlango wa janaza katika vitabu vya fiqhi amekutana na jina la Bibi Umm Atiyya Al-Ansariyya (R.A.). Kwake yeye ndiko yalikopokelewa mafundisho ya kumwosha maiti wa kike, pale alipofariki binti wa Mtume (S.A.W.). Wachache zaidi wanaikumbuka riwaya yake nyingine, iliyomo katika Sahih Muslim, ambamo anaeleza kuwa alitoka pamoja na Mtume (S.A.W.) katika vita saba. Alikuwa akibaki nyuma kambini, akiwapikia chakula, akiwatibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa.

Ndugu msomaji, nimeanza na Bibi huyu kwa makusudi. Alipika chakula, na kupika kwake kukaandikwa katika kitabu ambacho Waislamu wanakisoma hadi leo. Katika karne ya ishirini palitokea vita vikubwa katika nchi ya Waislamu, vilivyodumu karibu miaka minane, ambamo maelfu ya wanawake walifanya kazi ile ile ya Umm Atiyya, na wengi wao hawakuandikwa popote. Nakusudia vita vya Algeria dhidi ya Ufaransa.

Ufaransa iliuteka mji wa Algiers tarehe 5 Julai 1830. Tangu hapo upinzani haukukatika, na wanawake hawakukosekana ndani yake. Mashuhuri katika hao ni Lalla Fatma N'Soumer, binti wa nyumba ya kidini yenye uhusiano na tarika ya Rahmaniyya katika milima ya Kabylia. Aliwahamasisha watu wa milima ile dhidi ya majeshi ya Ufaransa mpaka akakamatwa mwaka 1857, na akafariki mwaka 1863 akiwa mateka, umri wake ukiwa bado mdogo. Yeye historia imemhifadhi, kwa sababu aliongoza. Anayeongoza huandikwa hata na adui yake.

Ama vita vya ukombozi vyenyewe vilianza usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1954, vikiongozwa na chama cha FLN. Kabla ya hapo palikuwa na maandalizi ya aina nyingine ambayo hayatajwi sana. Mwaka 1931 wanavyuoni wa Algeria waliunda jumuiya yao chini ya Sheikh Abdelhamid Ben Badis wa Constantine, wakafungua madrasa nchi nzima. Sheikh huyu alishikilia kwamba wasichana nao wasome, na katika madrasa ya Constantine walisomeshwa bila ya kutozwa ada. Hata hivyo hao walikuwa wachache mno. Baada ya zaidi ya karne moja ya utawala uliojigamba kuleta ustaarabu, zaidi ya wanawake 9 katika kila 10 wa Kiislamu nchini Algeria hawakujua kusoma wala kuandika. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia tutakapofika kwenye daftari.

Agosti 1956 viongozi wa vita walikutana katika bonde la Soummam na kuandika mpango wao. Mpango huo uliwataja wanawake na kuwapangia kazi: kuwatia moyo wapiganaji, kupeleka habari na kuwa viungo baina ya vikundi, kuandaa chakula na mahali pa kujificha, na kuzisaidia familia za waliokwenda vitani na waliofungwa. Ukiisoma orodha hiyo haraka unaweza kudhani ni kazi ndogo zilizobaki baada ya wanaume kuchukua kubwa. Sivyo kabisa. Jeshi la msituni halina ghala, halina jiko, halina hospitali wala posta. Vyote hivyo vilikuwa ni nyumba za watu, na ndani ya nyumba hizo, waume na wana wakiwa wamekwenda milimani, wamefungwa au wameuawa, aliyebaki ni mwanamke.

Tufikirie usiku mmoja katika kijiji cha Kabylia au cha milima ya Aurès. Kikundi cha wapiganaji kinafika baada ya giza kuingia. Wana njaa, nguo zimelowa, mmoja ana jeraha. Mama wa nyumba anaamka, anakanda unga, anaoka mkate, anafua damu, na mwanawe mdogo anapelekwa nje kusikiliza kama mbwa wanabweka. Kabla ya alfajiri wageni wameondoka, na yeye anaanza kazi ya pili, ambayo ni kufuta kila alama ya kuwa walikuwepo: vyombo, majivu, nyayo. Wanajeshi wakija asubuhi watamkuta yeye, si wapiganaji. Unga mwingi katika nyumba yenye watu wachache ulitosha kuzua maswali, na maswali yale yaliulizwa kwa mateso. Aliyekuwa mlimani alikuwa na bunduki na njia ya kukimbilia. Mama huyu alikuwa na mlango tu.

Walikuwepo pia waliopanda milimani wenyewe. Mei 1956 wanafunzi Waislamu walipogoma na kuacha masomo, baadhi ya wasichana wa shule na vyuo walijiunga na jeshi, wengi wao wakiwa wauguzi. Nefissa Hamoud, aliyekuwa daktari, aliacha kazi yake mjini akaenda kutibu majeruhi porini. Malika Gaïd, muuguzi, aliuawa mwaka 1957 akiwa kazini kwake huko huko milimani. Mabinti hawa hawakuuguza wapiganaji peke yao. Waliingia vijijini wakazungumza na akina mama, wakawafundisha usafi na kuwatibu watoto, na kwa wengi wa wanakijiji hao huyo ndiye alikuwa mtu wa kwanza mwenye elimu ya tiba kuingia nyumbani mwao. Hata hivyo kuanzia mwaka 1957 viongozi wa milimani walianza kuwaondoa wanawake na kuwapeleka Tunisia na Morocco. Wengine walisema ni kwa usalama wao, wengine walichelea maneno ya watu. Wapo wauguzi waliolalamika kwamba hawakuulizwa.

Sasa tufike mjini, kwani huko ndiko ulimwengu ulikotazama. Tarehe 30 Septemba 1956, baada ya walowezi wenye siasa kali kulipua bomu usiku wa tarehe 10 Agosti katika mtaa wa Rue de Thèbes ndani ya Kasbah na kuua Waislamu wengi waliokuwa wamelala, wasichana watatu walipeleka mabomu katika mitaa ya Wazungu mjini Algiers. Zohra Drif, mwanafunzi wa sheria, alikwenda Milk Bar. Samia Lakhdari alikwenda mkahawa wa Cafeteria. Bomu la tatu, lililopelekwa na Djamila Bouhired kwenye ofisi ya shirika la ndege, halikulipuka. Djamila alikamatwa Aprili 1957, akateswa, na Julai mwaka huo akahukumiwa kifo. Kelele za dunia nzima ziliokoa maisha yake, na huko Misri, mwaka 1958, Youssef Chahine akamtengenezea filamu. Hassiba Ben Bouali, msichana wa miaka 19, aliuawa tarehe 8 Oktoba 1957 pamoja na Ali la Pointe na kijana mdogo aliyeitwa Omar, baada ya wanajeshi kuilipua nyumba waliyojificha.

Hapa pana jambo ambalo mwandishi hapaswi kuliruka. Waliouawa na kujeruhiwa Milk Bar na Cafeteria walikuwa raia, na watoto walikuwemo. Sheria ya Kiislamu imekataza kuwakusudia wanawake, watoto na wasiopigana, na makatazo hayo yamepokelewa kwa njia sahihi katika Bukhari na Muslim. Dhulma ya Rue de Thèbes inaeleza kwa nini watu walifika hapo, lakini haiibadilishi hukumu. Wenye kuandika sifa za mashujaa wa Algiers huupita mlango huu wakiwa wamefumba macho, nami sioni kwamba kuwaheshimu wanawake wale kunahitaji tufumbe macho. Mtu hupimwa kwa amali zake zote.

Lakini kuna hasara nyingine iliyotokana na mabomu hayo, nayo ni ya kihistoria. Filamu maarufu ya Pontecorvo, "Vita vya Algiers", ya mwaka 1966, iliwaonyesha wasichana watatu wakivua mashuka yao, wakijipamba Kizungu na kuvuka vizuizi vya askari na vikapu vyao. Tangu hapo, ukimtajia mtu mwanamke wa vita vya Algeria, humjia akilini msichana mzuri mwenye kikapu. Waliobeba mabomu walikuwa kikundi kidogo sana. Maelfu waliobeba mkate hawakupata filamu.

Na kuhusu hilo shuka, linaloitwa haik, jeupe, la kujitanda mwili mzima, ambalo kwa kazi yake linafanana na buibui la mwambao wetu, nalo lilikuwa na vita vyake. Mei 1958, wakati majenerali na walowezi walipojitwalia madaraka mjini Algiers, palifanyika hadharani sherehe ambapo wanawake wa Kiislamu walivuliwa haik mbele ya umati, kuonyesha kwamba wamekombolewa na Ufaransa. Frantz Fanon aliliandika jambo hili mwaka 1959 na kulichambua vizuri: mtawala aliamini kwamba akimpata mwanamke ameipata nchi. Jawabu la wanawake wengi lilikuwa ni kuling'ang'ania vazi lile zaidi ya zamani. Mwanamke aliyetoka amejifunika na barua kifuani, na yule aliyetoka bila haik ili asitambulikane kizuizini, wote wawili walijiamulia wenyewe. Hakuna kati yao aliyesubiri kuvuliwa jukwaani.

Turudi kwenye fiqhi, kwani baadhi ya watu hudhani kwamba kushiriki kwa wanawake katika vita hivi kulikuwa ni mtindo wa kisasa ulioingia kutoka nje. Watu wa Algeria ni Wamaliki, na katika Mukhtasar ya Sheikh Khalil, kitabu ambacho wanafunzi wao hukihifadhi kwa moyo, imeelezwa kwamba adui akiwavamia watu ghafla, kupambana naye kunakuwa faradhi ya kila mtu, hata kwa mwanamke. Wanavyuoni wa Kishafii, ambao vitabu vyao ndivyo vinavyosomeshwa huku kwetu, nao husema karibu na hayo pale adui anapoingia ndani ya mji. Basi yule mama wa Aurès ambaye hakuwahi kuuona Mukhtasar alikuwa akitekeleza kilichomo ndani yake.

Kuna mas'ala mengine yanayogusa zaidi mada yetu, nayo ni mgawanyo wa ngawira. Wanavyuoni walikhitalifiana: mwanamke aliyehudhuria vita akawatibu majeruhi, je, apewe fungu kamili kama mpiganaji? Jamhuri yao wamesema hapewi fungu, bali hupewa kitu, yaani kile kinachoitwa radkh, ambacho kwa Kiswahili cha mtaani tungekiita kifuta jasho. Wanategemea jawabu la Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa na Najda kwa barua. Imam Al-Awzai alikuwa na rai nyingine, kwamba wanawake walipewa mafungu Khaybar. Sikusudii kuamua baina ya maimamu. Nakitazama kitu kimoja tu: waliosema hapewi na waliosema hupewa, wote walikubaliana kwamba mwanamke yule alikuwepo, alifanya kazi, na hesabu yake haifungwi bila ya kutajwa. Barua ya Najda iliandikwa kwa sababu swali lilikuwepo. Ibn Saad naye, alipoandika tabaka za masahaba, akawatengea wanawake sehemu nzima.

Mbali na ngawira, iko hadithi mashuhuri katika Bukhari na Muslim kwamba anayemwandaa mpiganaji kwa mahitaji yake, na anayeiangalia vyema familia ya mpiganaji nyuma yake, naye amepigana. Bibi Asmaa (R.A.) aliyewaandalia chakula Mtume (S.A.W.) na baba yake safarini wakati wa Hijra, akachana mshipi wake kufungia, hakuwahi kuitwa mpishi. Aliitwa Mwenye Mishipi Miwili, na jina hilo limebaki kuwa heshima yake.

Algeria ilipata uhuru tarehe 5 Julai 1962, miaka 132 kamili tangu kutekwa kwa Algiers. Katika Bunge la kwanza waliingia wanawake 10 kati ya wajumbe karibu 200. Kisha likaja suala la daftari. Aliyetaka kutambuliwa kuwa alipigana, yeye au familia yake, ilimpasa apeleke maombi na mashahidi wa kuthibitisha, nao ni watu waliojulikana kuwa walikuwemo vitani. Miaka ya baadaye daftari hizo zilichunguzwa na Djamila Amrane, mwanahistoria ambaye mwenyewe alipigana na kufungwa akiwa msichana, na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1991. Alikuta wanawake 10,949, ambao ni kama asilimia 3 tu ya walioandikwa wote. Na hata katika hao wachache, wengi wao kazi yao ilikuwa ni kuwahifadhi na kuwalisha wapiganaji.

Asilimia 3! Nani aliyewalisha wale asilimia 97?

Sababu ziko wazi. Asiyejua kusoma haombi kwa karatasi. Wengine waliona aibu kudai malipo kwa kazi waliyoifanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na watoto wao. Wengine hawakujua kwamba walichofanya kina jina. Na kulikuwa na tatizo la mashahidi. Lugha yetu ya Kiswahili hutumia neno moja, shahidi, kwa anayetoa ushahidi na kwa aliyekufa vitani, na katika jambo hili neno hilo linaumiza: mashahidi wa mama yule aliyeoka mkate usiku walikuwa tayari ni mashahidi, wamezikwa mlimani.

Nami hujiuliza swali ambalo sijaona likiulizwa. Mafakihi wamekubali ushahidi wa wanawake peke yao katika mambo ambayo kwa desturi hayaonekani ila na wanawake, kama vile uzazi. Walikhitalifiana katika idadi tu: Wahanafi wanatosheka na mmoja, Washafii wanataka wanne. Sasa jikoni usiku wa manane, na chumba cha ndani alikofichwa majeruhi, ni nani anayekuona ila jirani wa kike? Kwa kipimo hiki majirani wanne wa kijiji wangetosha kumwandika mwenzao. Wallahu aalam.

Mwaka 1984 Algeria ilipitisha Kanuni ya Familia, na miongoni mwa walioandamana kuipinga walikuwemo wanawake waliowahi kupigana vita. Kanuni ile ilirekebishwa mwaka 2005. Vifungu vyake vinahitaji makala yake. Itoshe kusema kwamba waliochukizwa, pamoja na mengine, walichukizwa kuona mambo yao yakijadiliwa kana kwamba wao ni wageni katika nchi ile.

Limebaki moja, ambalo ni zito kuliko yote. Wanajeshi waliingia vijijini na katika zile kambi ambamo zaidi ya watu milioni 2 wa mashamba walikusanywa kwa nguvu, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Yaliyowapata wanawake humo na katika vyumba vya mahojiano yalijulikana na kila mtu na hayakusemwa na yeyote. Mwaka 1960 Djamila Boupacha, kwa msaada wa wakili Gisèle Halimi, alithubutu kuwashtaki waliomtesa na kumdhalilisha. Alikuwa mmoja. Sheria ya Mwenyezi Mungu katika hili haina utata: aliyelazimishwa hana dhambi, hana adhabu, na heshima yake haijapungua kitu. Lakini hukumu hii iliyomo katika kila kitabu haikufika vijijini. Wengi walinyamaza wakiwaogopa watu wao zaidi ya walivyomwogopa adui, na wapo walioachwa na waume zao kwa kosa la mwanajeshi wa kigeni. Hapo hatuwezi kuilaumu Ufaransa peke yake.

Louisette Ighilahriz alikamatwa Septemba 1957 akiwa amejeruhiwa vibaya, akapelekwa Algiers, akateswa kwa muda mrefu. Aliyemwokoa ni daktari wa jeshi la Ufaransa, jina lake Richaud, aliyemkuta katika hali ile akaamuru aondolewe pale na kupelekwa hospitali. Akanyamaza kwa miaka zaidi ya 40. Juni 2000, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 60, aliyasema yote katika gazeti la Le Monde. Ufaransa nzima ilitikisika, na Jenerali Massu, aliyekuwa mkuu wa wanajeshi wale, akakiri kwamba mateso yalikuwepo na kwamba mambo yangeweza kufanywa vingine. Lakini Bibi Louisette hakuwa amelitafuta gazeti kwa ajili ya Massu. Alitaka kumpata yule daktari, amwambie ahsante. Daktari alikuwa ameshafariki.